Mchezo Ukiwa Bwana, Mchezaji Huwa Mtumwa

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo babu zetu hawakulijua, lakini limekwisha kuingia katika nyumba zetu bila kupiga hodi. Ni michezo ya simu na ya kompyuta. Hatusemi juu ya mtoto anayecheza kidogo, kisha akainuka kwenda kuchota maji. Twasema juu ya yule ambaye mchezo umemkamata, hata hawezi tena kuuacha.

Tufikiri nyumba moja, mfano wa nyingi zilizo katika miji yetu. Ni saa nane za usiku. Baba aamka kwa kiu, naye aona mwanga mdogo chini ya mlango wa chumba cha watoto. Afungua. Kijana wake wa miaka 16 ameketi kitandani, simu mkononi, macho mekundu. Juzi ilikuwa hivyo, na jana vilevile. Asubuhi hataamka kwenda shuleni. Buletini yake imejaa alama mbaya. Chakula hula upesi upesi, bila kuwatazama wenzake. Dominika haendi tena kwenye Misa. Faranga alizopewa kwa ajili ya madaftari amenunulia mega. Wakimnyang'anya simu hulia, hutukana, na siku moja amemsukuma mama yake.

Jamaa wakutana kulishauri jambo hilo. Baba asema: «Ni uvivu tu.» Mjomba asema: «Mniachie mimi na fimbo yangu, kwa juma moja atapona.» Jirani anong'ona: «Mtoto huyu amelogwa. Mpelekeni kwa watu wa maombi, wamfungie siku tatu bila chakula.» Mama hasemi mengi. Asema tu: «Mwanangu hakuwa hivi. Mwaka uliopita alikuwa wa pili katika darasa lake.»

Nani kati ya hawa amekaribia ukweli? Ni mama. Maana neno lake, «hakuwa hivi», ndilo neno la kwanza ambalo daktari angependa kulisikia.

UGONJWA ULIOPEWA JINA

Kwa miaka mingi wataalamu walibishana. Wengine walisema: kucheza mno ni tabia mbaya, si ugonjwa. Wengine walijibu: tumewaona watu wanaotaka kuacha nao hawawezi, kama vile mlevi asivyoweza kuacha pombe. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kilitoa chapa ya tano ya kitabu chake kikubwa cha magonjwa hayo. Humo kiliandika juu ya ugonjwa wa kucheza michezo ya intaneti, lakini katika sehemu ya mambo yanayohitaji kuchunguzwa zaidi. Kilitaja alama 9, kikasema kwamba mtu mwenye alama 5 au zaidi katika muda wa mwaka mmoja yafaa atazamwe kwa uangalifu.

Kisha ikaja zamu ya Shirika la Afya Duniani, lenye makao yake makuu mjini Genève, katika nchi ya Uswisi. Shirika hilo hutunza orodha ya magonjwa yote, ambayo madaktari wa dunia nzima huitumia wanapoandika ugonjwa wa mtu. Mwezi wa Juni 2018 lilitangaza chapa ya 11 ya orodha hiyo, na ugonjwa wa michezo ya kompyuta ulikuwa umeandikwa ndani. Mwezi wa Mei 2019 wajumbe wa mataifa, wamekusanyika katika mkutano mkuu wa afya, waliipokea. Ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Katika orodha hiyo ugonjwa huu umewekwa karibu na ule wa kucheza kamari, katika fungu la magonjwa yanayotokana na mazoea.

Basi, tangu siku hiyo, mzazi anayempeleka mtoto wake hospitalini kwa sababu ya jambo hili hachekwi. Ugonjwa una jina, nao una nafasi yake katika kitabu cha madaktari.

ALAMA TATU

Shirika la Afya Duniani limetaja alama tatu. Yafaa kila baba na kila mama azishike kichwani.

Alama ya kwanza: mtu hana tena uwezo juu ya mchezo. Hawezi kuchagua wakati wa kuanza, wala muda wa kucheza, wala wakati wa kuacha. Asema: «Nitacheza nusu saa,» kumbe jogoo lawika naye angali palepale.

Alama ya pili: mchezo wakaa mbele ya mambo yote. Mambo mengine aliyoyapenda, kama vile mpira, kwaya, rafiki na masomo, yote yarudi nyuma, na mchezo watangulia.

Alama ya tatu: madhara yameonekana, naye aendelea tu, au hata azidisha. Amefukuzwa shuleni, aendelea. Amepoteza kazi, aendelea. Mwili umekonda, aendelea.

Lakini alama hizi peke yake hazitoshi. Shurti ziwe zimeharibu kweli maisha ya mtu: masomo yake, kazi yake, jamaa yake, urafiki wake. Tena kwa kawaida shurti ziwe zimeonekana kwa muda wa miezi 12, ijapokuwa daktari aweza kufupisha muda huo ikiwa hali ni mbaya sana.

Tazameni vema: katika alama hizi tatu hamna hesabu ya saa. Madaktari hawakusema kwamba anayecheza saa tatu ni mzima na anayecheza saa nne ni mgonjwa. Swali lao si «Amecheza saa ngapi?» Swali lao ni hili: «Nani ni bwana, na nani ni mtumwa?»

SI KILA MCHEZAJI NI MGONJWA

Hapa twataka kuwatuliza wazazi. Wengine, wakisha kusoma maneno haya, watakimbia kuzivunja simu za watoto wao. La, wasifanye hivyo! Mwaka 2017 wataalamu watatu walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika gazeti la madaktari wa magonjwa ya akili la Marekani. Walikuwa wamewauliza maelfu ya watu wazima katika Marekani, Uingereza, Kanada na Ujerumani. Waliona kwamba wachezaji wengi hawana hata alama moja ya ugonjwa. Wale wanaoweza kuhesabiwa kuwa wagonjwa hawapiti 1 katika watu 100.

Wako pia wataalamu ambao hawakukubali uamuzi wa Shirika la Afya Duniani. Waliogopa kwamba kila kijana apendaye kucheza ataitwa mgonjwa, na kwamba wazazi wataona mchezo tu, wasione huzuni iliyofichwa nyuma yake. Onyo hilo lina maana. Mara nyingi madaktari huona kwamba kijana aliyefungwa na mchezo ana mzigo mwingine pia: huzuni kuu, au woga mbele ya watu, au akili isiyotulia katika masomo. Amefiwa na mzazi, au huchekwa na wenzake shuleni, au nyumbani hamna amani. Katika mchezo yeye ni shujaa. Nje ya mchezo ajiona si kitu. Ukimnyang'anya simu bila kumwuliza habari za moyo wake, umefunga dirisha, lakini moshi ungali ndani ya nyumba.

KWA NINI MCHEZO HUUSHIKA MOYO

Watu wengine hushangaa: «Kitu hiki si pombe, si bangi, hakiingii tumboni wala mapafuni. Chawezaje kumfunga mtu?»

Jibu liko katika ubongo. Mungu ameweka katika ubongo wetu njia ya furaha. Tunapokula tukiwa na njaa, tunaposifiwa, tunaposhinda, ubongo hutoa maji fulani yaitwayo dopamini, nayo hutuambia: «Jambo hili ni jema, lirudie.» Mwaka 1998 wataalamu wa London waliwachunguza wanaume 8 waliokuwa wakicheza mchezo wa kuendesha kifaru cha vita katika kioo cha kompyuta. Kwa mashine zao waliona kwamba dopamini ilizidi ubongoni wakati wa mchezo. Basi mchezo hauingii tumboni, lakini waingia katika njia ileile ambayo pombe hupita.

Nao watengenezaji wa michezo wayajua mambo hayo. Tangu miaka ya 1950 mtaalamu mmoja wa Marekani, B. F. Skinner, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba njiwa anayepata chembe ya chakula kila mara adonoapo huacha upesi chakula kikikoma. Bali yule anayepata mara moja moja, asijue ni mara ipi, hudonoa bila kuchoka. Michezo mingi ya leo imejengwa kwa akili hiyo. Zawadi yaja, lakini hujui lini. Tena mchezo hauna mwisho. Mpira wa miguu una dakika 90, kisha mwamuzi hupuliza filimbi na watu huenda nyumbani. Mchezo wa intaneti hauna filimbi. Na wenzako wa kundi, walio katika nyumba nyingine au nchi nyingine, wakungoja, ukitoka, umewaangusha.

Zaidi ya hayo, iko michezo inayouza masanduku ya siri. Mtoto alipa faranga, sanduku lafunguka, ndipo aonapo kama amepata kitu cha thamani au kitu cha bure. Je, hiyo si kamari? Mwezi wa Aprili 2018 tume ya serikali ya Ubelgiji inayosimamia michezo ya bahati ilisema wazi: ndiyo, ni kamari. Ikatangaza kwamba masanduku hayo, katika michezo mitatu mikubwa, yamevunja sheria. Mmojawapo ulikuwa ule mchezo wa mpira uitwao FIFA 18, ambao vijana wengi wanaujua. Wenye michezo wakaonywa kwamba wasipoyaondoa wangeweza kutozwa faini hata ya euro 800 000, au kufungwa.

MATAIFA MENGINE YAMEFANYA NINI?

Mtu atasema: «Hayo ni mambo ya nchi za matajiri.» Kweli, nchi zenye intaneti nyingi ndizo zilizoumia kwanza. Lakini simu imefika Bukavu na Goma, Kisangani na Lubumbashi, hata katika vijiji vya mbali. Mwenye hekima hujifunza kwa jirani aliyeunguliwa na nyumba.

Tutazame Korea ya Kusini. Huko vijana hukusanyika katika nyumba zilizojaa kompyuta, wakilipia kwa saa. Mwezi wa Agosti 2005, katika mji wa Daegu, mwanamume mmoja wa miaka 28 alicheza kwa muda wa saa 50 hivi, karibu bila kulala wala kula. Moyo wake ukashindwa, akafa. Nchi nzima ilishtuka. Mwaka 2011 serikali ilitunga sheria: mtoto asiyefika miaka 16 asicheze michezo ya intaneti toka usiku wa manane mpaka saa kumi na mbili za asubuhi. Je, ilifaa? Watoto wengi walitumia namba za kitambulisho za wazazi wao ili waingie. Wengine walihamia katika michezo ya simu, ambayo sheria haikuigusa. Mwanzoni mwa mwaka 2022 sheria hiyo iliondolewa, na kazi ya kuweka mipaka ikarudishwa kwa wazazi na watoto wenyewe.

Katika nchi ya China serikali ilikaza zaidi. Tangu Septemba 2021, kijana asiyefika miaka 18 huruhusiwa kucheza michezo ya intaneti saa moja tu, toka saa mbili mpaka saa tatu za usiku, siku ya Ijumaa, Jumamosi, Dominika na sikukuu za taifa. Lakini huko China kulitokea pia jambo la kuhuzunisha sana. Wazazi waliokata tamaa waliwapeleka watoto wao katika kambi zilizoahidi kuwaponya kwa mazoezi makali na adhabu. Mahali pengine walitumia umeme kuwatikisa watoto, mpaka Julai 2009 wizara ya afya ilipokataza. Mwezi uliofuata, katika jimbo la Guangxi, wazazi walimwacha kijana wao katika kambi ya namna hiyo. Muda wa siku mbili haukutimia, naye alikuwa amekwisha kufa kwa kupigwa. Wazazi walikuwa wamelipa fedha ili mwana wao aponywe, wakarudishiwa maiti.

Japani ilifuata njia nyingine. Katika mji wa Yokosuka iko hospitali iitwayo Kurihama, ambayo tangu mwaka 1963 imewatunza walevi. Mwaka 2011 daktari Susumu Higuchi na wenzake walifungua humo mahali pa kuwapokea watu waliofungwa na intaneti. Kijana hupimwa mwili kwanza, maana mara nyingi amedhoofika. Kisha daktari huzungumza naye: «Ulianza lini? Unatafuta nini katika mchezo? Umepoteza nini?» Siku nyingine hucheza michezo ya viungo pamoja na wenzake, hula pamoja nao, huzoea tena kuongea na watu uso kwa uso. Wazazi nao hufundishwa namna ya kusema na mtoto wao. Hapigwi wala hafungwi. Hupona polepole, naye hujifunza tena kujitawala.

FIMBO, MINYORORO NA UCHAWI

Sasa turudi katika ile nyumba yetu ya kwanza, ambamo baba, mjomba na jirani walikuwa wakishauriana.

Mjomba ataka fimbo. Twamheshimu mjomba, maana amesema kwa kumpenda mtoto wa dada yake. Lakini fimbo haijaponya malaria, wala haitaponya ugonjwa huu. Kijana anayekimbilia mchezo kwa sababu ya uchungu, ukimwongezea uchungu, atakimbia mbali zaidi.

Jirani asema mtoto amelogwa. Hili ni neno la hatari. Wangapi katika miji yetu wamefukuzwa na jamaa zao, wamefungwa, wamenyimwa chakula, kwa sababu mtu amesema wana uchawi! Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, ile ya kumlinda mtoto, humwadhibu mtu anayemshtaki mtoto juu ya uchawi. Nasi wakristu tuna sababu kubwa kuliko sheria: mtoto ni mfano wa Mungu, amebatizwa, hatuwezi kumtia mikononi mwa watu wanaofanya biashara kwa woga wetu. Kusali ni vema; tusali kila siku kwa ajili yake. Lakini Mungu aliyetupa sala ametupa pia madaktari, naye hapendi tuchague kimoja na kutupa kingine.

Baba asema ni uvivu. Je, hamna kosa lolote? Hapa shurti tuseme sawasawa. Mtu aliyeanza kucheza akaacha wajibu wake kwa hiari amekosa, naye yafaa aungame. Lakini Katekisimu ya Eklezia, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba mazoea na mashida ya roho yaweza kupunguza hatia ya mtu, hata mara nyingine kuiondoa. Padri muungamishi alijua jambo hilo kabla ya madaktari. Ndiyo sababu hamwambii mgonjwa: «Wewe ni mbaya.» Humwambia: «Umefungwa, tutafute pamoja namna ya kukufungua.»

Wengine huona haya kusikia maneno «ugonjwa wa akili». Wafikiri ni wazimu wa kutembea uchi barabarani. Sivyo. Akili ina magonjwa yake mengi, makubwa na madogo, kama mwili. Zamani katika mji wa Gent, nchi ya Ubelgiji, wagonjwa wa akili walikuwa wakifungwa minyororo katika vyumba vya giza. Padri mmoja, Petrus Jozef Triest, alianzisha mwaka 1807 shirika la watawa liitwalo Frères de la Charité, na tangu mwaka 1815 watawa wake walianza kuwatunza wagonjwa hao kama ndugu. Watawa wa shirika hilo wamefika mpaka kwetu. Mjini Bukavu wamefanya kazi katika nyumba ya wagonjwa wa akili iitwayo SOSAME. Katika Rwanda wako Ndera, na katika Burundi wako Kamenge. Milango ya nyumba za namna hiyo iko wazi kwa wote, wala si haya kuigonga. Aliye mbali nazo aanze na daktari au mwuguzi wa hospitali iliyo karibu, amweleze yote bila kuficha.

WAZAZI WAFANYE NINI?

Lililo bora ni kuzuia kabla ya kuponya. Haya ni mashauri machache, ambayo kila jamaa yaweza kuyafuata bila gharama.

Kwanza, usiku simu zote zilale katika chumba cha wazazi, za watoto na za wakubwa pia. Mtoto asiyelala hawezi kusoma, na usiku ndio wakati ambapo mchezo hupata nguvu zaidi.

Pili, mezani pasiwe na simu. Wakati wa kula ni wakati wa kuulizana habari, na wakati wa sala ya jioni ni wakati wa Mungu.

Tatu, patana na mtoto juu ya muda wa kucheza kabla hajaanza, si akiwa katikati ya mchezo. Neno lililopatanwa lishikwe na pande zote mbili.

Nne, ujue mchezo anaoucheza. Keti naye, umwulize akufundishe. Utaona kama ni mchezo safi, au wa matusi, au wa kamari. Naye ataona kwamba wamjali.

Tano, mpe kitu kingine. Mtoto asiye na mpira, wala kwaya, wala Skauti, wala kazi ya mikono, wala mtu wa kuongea naye, utamwambia aache simu akafanye nini?

Sita, na hili ni gumu kuliko yote: baba ajitazame mwenyewe. Baba anayetazama simu tangu atokapo kazini mpaka alalapo, atamwambiaje mwanawe aiweke chini? Watoto husikia kwa masikio, lakini hufuata kwa macho.

Na ikiwa mtoto amekwisha kufungwa, msimnyang'anye kila kitu kwa siku moja kwa hasira. Zungumzeni naye akiwa ametulia. Mwambieni mnayoyaona, bila matusi: «Twaona hulali. Twaona umekonda. Twakuogopea.» Kisha mpelekeni kwa daktari, nanyi mwende pamoja naye. Akisema maneno ya kutaka kufa, msingoje kesho. Nendeni siku ileile, wala msimwache peke yake.

KWENU, WANAFUNZI

Nanyi vijana, msidhani kwamba twawachukia kwa sababu mwapenda kucheza. Mchezo ni zawadi ya Mungu. Tena yuko mtakatifu mmoja wa siku hizi aliyecheza michezo hiyo hiyo yenu.

Jina lake ni Carlo Acutis. Alizaliwa London tarehe 3 Mei 1991, akakua Milano, nchi ya Italia. Alipenda kompyuta kuliko vijana wengi, akaitumia kutangaza miujiza ya Ekaristi Takatifu. Alikuwa pia na mashine ya michezo nyumbani. Lakini mama yake amesimulia kwamba Carlo alijiwekea sheria: kucheza saa moja tu kwa juma. Hakuna mtu aliyemlazimisha. Alikuwa ameona jinsi wengine walivyofungwa, naye alitaka kubaki huru. Akafa kwa ugonjwa wa damu tarehe 12 Oktoba 2006, akiwa na miaka 15. Tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza kuwa Mtakatifu mjini Roma.

Saa moja kwa juma si amri ya Eklezia kwa kila kijana. Lakini yafaa kila kijana ajipime kwa njia hii nyepesi: weka simu chini siku tatu nzima. Ukiweza kwa furaha, mshukuru Mungu, wewe ndiwe bwana. Ukiona moyo wako wahangaika, mikono yaitafuta, hasira yapanda, usingizi wakimbia, basi usijifiche. Mwendee baba yako, au mama, au mwalimu, au padri, umwambie: «Nimeshindwa peke yangu, nisaidie.» Si neno la aibu. Mtu aliyeanguka katika shimo haoni haya kuita.

Basi, nanyi wazazi, siku atakapokuja mtoto na neno hilo mdomoni, msimwulize kwanza juu ya faranga zilizopotea, wala juu ya buletini. Mfanyeni kama yule baba wa Injili aliyemwona mwanawe angali mbali. Yule mwana naye alikuwa amepoteza mali yote katika furaha zisizo na faida. Baba hakungoja amalize maneno yake, alikwenda kumpokea. Karamu ilikuja baadaye, na hesabu haikuja kamwe.